Kabla ya Kuitafuta Nafasi Kubwa, Jifunze Kukaa Akiba

Vijana wengi wanaopenda kuimba na kuigiza huniuliza namna ya kupata nafasi ya mhusika mkuu katika tamthilia ya muziki, nami huwauliza kwanza kama wako tayari kukaa akiba. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 15, na kwa miaka 6 kati ya hiyo nilikuwa mwigizaji wa akiba, yaani yule anayejifunza nafasi za wenzake ili mmoja wao akiugua au akiteguka mguu, onyesho lisivunjike. Hakuna kipindi kilichonijenga zaidi ya hicho, na inanihuzunisha kuona waimbaji wazuri wakikikwepa kwa kudhani kwamba ni cha walioshindwa.

Katika majumba makubwa ya maonyesho ya Broadway jijini New York na West End jijini London, desturi ni maonyesho 8 kwa wiki, na zipo siku ambazo waigizaji hupanda jukwaani mchana kisha wakayarudia yote usiku. Koo na magoti ya binadamu hayastahimili ratiba hiyo mwaka mzima bila mtu wa kupokea kijiti. Tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera ilianza Broadway mwaka 1988 na kufungwa mwaka 2023 baada ya maonyesho 13,981, idadi isiyoweza kufikiwa kwa nguvu za nyota peke yao. Wapo wa akiba wanaojifunza mhusika mmoja huku wakiwa na nafasi yao ndogo katika kundi la waimbaji, na wapo wasio na nafasi ya kudumu, ambao hutakiwa kuzijua nafasi za watu wengi kwa pamoja: huyu anaimba sauti ya tatu na kuanza kwa mguu wa kulia, yule anaimba sauti ya kwanza na kuanza kwa wa kushoto.

Ukipata nafasi ya namna hii, nunua daftari kabla hujajifunza wimbo wa kwanza. Ukingo wa mbele wa jukwaa mara nyingi huandikwa namba, sifuri ikiwa katikati na nyingine zikiongezeka kuelekea pande zote mbili, na kila mwigizaji hujua asimame kwenye namba ipi katika kila ubeti. Mimi nilimpa kila mtu kurasa zake na rangi yake ya kalamu, nikachora mishale ya njia zake. Hata hivyo, nilipoitwa kwa mara ya kwanza, dakika 40 kabla ya pazia kufunguliwa, niligundua kwamba nyimbo nilizijua na miondoko nilikuwa nayo mwilini, lakini sikuwa nimejifunza yanayotokea nyuma ya pazia. Nilitoka kwa upande sahihi, nikakutana uso kwa uso na ngazi ya magurudumu iliyokuwa ikisukumwa kuingia, na kama fundi wa jukwaa asingenivuta mkono, ingenigonga. Tangu siku hiyo huomba ruhusa ya kusimama nyuma ya pazia onyesho zima, nikimfuata mwigizaji mmoja mmoja kwa macho: anapokunywa maji, anapovuliwa koti, anapopishana na nani.

Kuhusu sauti naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu nilikaribia kuipoteza yangu. Niliimba nikiwa na mafua, nikatumia dawa ya kutia ganzi kooni ili nisisikie maumivu, na baada ya onyesho nikakaa saa mbili nikizungumza kwa kupaza sauti mahali penye kelele. Daktari aliyenipitishia kamera nyembamba puani alinionyesha nyuzi za sauti zilizovimba na kuiva wekundu, akaniamuru ninyamaze siku 10, na hata kunong'ona alinikataza. Anayeyatia ganzi maumivu ili aimbe hajui tena anajiumiza kiasi gani. Anza kunywa maji tangu asubuhi, kwa kuwa maji unayomeza hupita njia ya chakula na hayagusi nyuzi hizo moja kwa moja, hivyo huchukua muda kuzisaidia. Mvuke unaouvuta ndio unaozifikia.

Kuhusu usaili nitasema machache. Andaa kipande cha nusu dakika, mpe mpiga kinanda karatasi za noti za muziki zilizo safi, na umwonyeshe mwendo wa wimbo kwa kumwimbia maneno machache taratibu, wala usimpigie vidole. Kabla ya kutia saini mkataba wa akiba, uliza utalipwa nini cha ziada kila unapopanda jukwaani, na utapewa mazoezi lini. Kampuni moja niliyoifanyia kazi haikunipa hata saa moja ya mazoezi pamoja na wenzangu, nami sikuwa nimedai jambo hilo liandikwe.

Mwaka 1954 mwigizaji wa Marekani Shirley MacLaine, akiwa akiba wa Carol Haney katika tamthilia ya muziki The Pajama Game, alipanda jukwaani baada ya Haney kuumia kifundo cha mguu, na mtayarishaji wa filamu aliyemwona akampa mkataba. Kisa hicho ni cha kweli, lakini usikipangie maisha, kwa sababu mara nyingi mwenye nafasi hupona na kurudi. Usiku uliofuata onyesho langu la kwanza, koti nililolivaa lilikuwa limerudi kwa mwenyewe, nami nilikuwa nyuma ya pazia na daftari langu, nikichora kwa kalamu nyekundu mahali ile ngazi inapopita.