Nimeshindwa kusoma kitabu cha rangi: je, safari yangu ya ubaharia imekwisha?

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19, mkazi wa Langoni, Lamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, na tangu bandari mpya ya Lamu ilipoanza kupokea meli mwaka wa 2021 nimekuwa na nia moja tu, nayo ni kusomea uofisa wa meli. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa afya kabla ya kuomba nafasi ya chuo huko Mombasa. Nilipita kila kipimo mpaka nilipowekewa kitabu chenye vitone vya rangi. Niliusoma ukurasa wa kwanza na nyingine mbili tatu, lakini katika zilizobaki sikuona tarakimu yoyote. Niliambiwa kwamba nina upofu wa rangi na kwamba niisahau bahari. Je, ni kweli? Kuna dawa au miwani ya kunisaidia? Rafiki yangu amenitumia picha za kurasa zote pamoja na majibu, nami nimeanza kuyahifadhi. Nyanya anasema nimepigwa kijicho, ingawa mdogo wangu wa gredi ya tatu naye huchanganya kalamu zake za rangi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo la haraka: acha kuyahifadhi hayo majibu, kwa sababu ambayo nitaieleza nikifika kwenye taa za meli. Ama kuhusu kauli kwamba uisahau bahari, aliyekwambia hivyo alikuwa na sehemu ya ukweli, lakini alikata hukumu kwa ushahidi usiotosha.

Jina "upofu wa rangi" lina kosa ndani yake, na mimi hulitumia shingo upande. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina aina tatu za seli ziitwazo koni, ambazo kwa wepesi huitwa koni za nyekundu, za kijani na za buluu kulingana na mawimbi ya mwanga ambayo kila aina huyaitikia zaidi. Ubongo haupati rangi kutoka kwa koni ya aina moja, bali hulinganisha habari zinazoletwa na aina zote. Kwa mtu aliyezaliwa na kasoro hii, koni za nyekundu au za kijani ama hazipo kabisa, ama zipo lakini mwitikio wake umekaribiana mno na ule wa wenzake, hivyo ubongo hukosa tofauti ya kulinganisha. Wa kundi la kwanza na wa kundi la pili wote wataanguka mbele ya kitabu cha vitone, lakini mbele ya taa za baharini hawako sawa hata kidogo. Wewe uko kundi gani, kipimo ulichofanyiwa hakikukwambia.

Usishangae kwamba umefika miaka 19 bila kujua. Mji wa Lamu hauna taa za barabarani za kuamuru magari, kwa kuwa magari yenyewe ni ya kuhesabu na njia ni za watu na punda. Embe utalijua limeiva kwa kulibonyeza na kulinusa. Mwenye kasoro hii hujifunza tangu utotoni kutumia mwangaza, umbo na mahali kitu kilipo badala ya rangi, naye huwaitikia wenzake "kijani" na "nyekundu" kwa kuzoea tu. John Dalton, mwanasayansi wa Uingereza aliyeieleza kasoro hii mwaka wa 1794, aliigundua kwake mwenyewe akiwa mtu mzima.

Kitabu ulichowekewa ni cha Shinobu Ishihara, daktari wa Japani, na kimetumika tangu mwaka wa 1917. Ni kipimo kizuri sana cha kukamata, kwani hata kasoro ndogo hakiiachi ipite. Lakini si kipimo cha kukadiria ukubwa wa kasoro, na tena ni chepesi kuharibiwa na namna kinavyotumiwa. Kinapaswa kusomwa kwa mwanga wa mchana usio wa jua kali la moja kwa moja, au kwa taa maalumu inayolingana nao. Chini ya globu ya manjano rangi zake hubadilika na matokeo hayaaminiki. Ukurasa hushikwa umbali wa sentimita 75 hivi, nawe hupewa sekunde tatu au nne za kujibu. Kitabu kikiachwa wazi dirishani kwa miaka, wino wake huchujuka, na nimewahi kuona nakala ambazo mimi mwenyewe, mwenye macho kamili ya rangi, nilisitasita mbele yake. Ukurasa wa kwanza, wenye 12, umewekwa usomwe na kila mtu ili mpimaji ajue kwamba umeelewa kazi, kwa hiyo kuusoma hakukuongezei alama. Katika toleo kamili la kurasa 38, ukurasa wa 22 hadi wa 25 husaidia kutenga kasoro ya nyekundu na kasoro ya kijani, ingawa si kila mara. Jiulize basi ulipimwa chini ya mwanga gani, na uliwekewa kurasa ngapi. Picha za rafiki yako, kwa upande wake, hazifai hata kwa mazoezi, maana kioo cha simu hakitoi rangi zilezile za karatasi.

Sasa taa. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka wa 1972, meli inayokwenda kwa injini usiku huwasha taa nyeupe mlingotini, nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia na nyeupe nyingine tezini, yaani nyuma. Tuseme uko zamu usiku, na meli nyingine inakatiza mbele yako ikitoka upande wako wa kulia. Utakachokiona ubavuni mwake ni taa nyekundu, na maana yake ni kwamba wewe ndiwe unayepaswa kuipisha. Ingekuwa inatoka kushoto kwako ungeona kijani, nawe ungeshika njia yako huku yeye akikupisha. Uamuzi mzima umebebwa na rangi ya nukta moja ya mwanga ambayo, kwa meli ya urefu wa mita 50 au zaidi, inatakiwa ionekane umbali wa maili tatu za baharini. Mchana boya la mlango wa bandari lina umbo la kukusaidia, kwani kwetu boya jekundu la kushoto huwa kama pipa na la kijani la kulia huwa limechongoka kama pia, lakini usiku umbo halionekani.

Hapo ndipo aina ya kasoro inapokuwa na uzito. Mwenye kasoro ya kijani huweza kuichukulia taa ya kijani kuwa nyeupe, akadhani anaifuata meli kwa nyuma kumbe inamkatiza. Mwenye kasoro ya nyekundu ana tatizo la ziada, kwa kuwa mwanga mwekundu kwake hufifia, na taa ambayo wenzake wameiona tangu mbali yeye huiona meli ikiwa imeshakaribia. Ukiyahifadhi majibu ya kitabu utapata cheti, lakini zamu ya saa nane za usiku utakuwa nayo wewe, na nyuma yako watakuwa wamelala watu walioiamini sahihi ya daktari. Hata kwa hesabu ya kidunia haikufai, kwa sababu mpimaji mzuri huzivuruga kurasa asizifuate kwa mpangilio, na cheti cha afya cha baharia hudumu miaka miwili tu, huku uthibitisho wa kuona rangi ukidumu miaka sita. Utarudi kwenye kiti kilekile tena na tena, ukiwa umeshatumia ada na miaka ya masomo.

Masharti yenyewe yamo katika mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka wa 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa huko Manila mwaka wa 2010, nayo hayawatazami wafanyakazi wote wa meli kwa jicho moja. Maofisa wa sitaha, yaani wanaoiongoza meli, pamoja na mabaharia wanaoshika zamu ya kuangalia mbele, ndio wanaodaiwa kiwango cha juu cha kuona rangi. Wahandisi wa chumba cha mitambo na mafundi wa umeme wa meli huruhusiwa kiwango cha chini zaidi, ingawa nao hawakuachiwa wazi kabisa, kwa kuwa kuna nyaya, mabomba na taa za tahadhari zinazotambuliwa kwa rangi. Hata uwezo wa kuona mbali unatofautiana: ofisa wa sitaha anahitaji angalau 0.5 kwa kila jicho, na mhandisi anahitaji 0.4 kwa macho yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo "uisahau bahari" ni kauli pana mno. Kauli sahihi, kwa habari tulizo nazo leo, ni kwamba njia ya kuwa nahodha wa meli kubwa ina mashaka makubwa, na njia ya uhandisi wa meli bado haijajulikana mpaka upimwe ipasavyo.

Kupimwa ipasavyo ni hivi. Nenda kwa mtaalamu wa macho mwenye vipimo zaidi ya kitabu, na kwa mkazi wa Lamu hilo kwa kawaida lina maana ya safari ya Mombasa au Nairobi. Kabla hujalipa nauli, piga simu uulize kama wana kipimo cha Farnsworth cha vifuniko 15. Hapo utapewa vifuniko vidogo vya rangi uvipange kwa mfuatano, na makosa yako yatamwonyesha mpimaji kama kasoro ni kubwa na iko upande gani. Wenye kasoro ndogo wengi hukipita kipimo hiki baada ya kuanguka kwa Ishihara, na ndicho chenye uzito kwa anayetaka chumba cha mitambo. Kwa sitaha kinachotafutwa ni kipimo cha taa, ambapo unakaa gizani ukitaja rangi za nukta za mwanga mfano wa zile za meli. Ukiwa na majibu hayo mkononi, peleka faili kwa daktari aliyeidhinishwa na Halmashauri ya Masuala ya Bahari ya Kenya, KMA, maana cheti cha baharia hakitolewi na daktari yeyote tu. Akikukatalia, unayo haki ya kuomba uchunguzi mwingine kwa daktari huru. Haki hiyo imeandikwa katika mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014. Vijana wengi huondoka na karatasi ya kukataliwa bila kuambiwa hivyo.

Dawa hakuna. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marekani waliwapa nyani wadogo wenye kasoro hii jeni waliyoikosa, na nyani hao wakaanza kutofautisha rangi ambazo hawakuweza kuzitofautisha awali, lakini hilo bado si tiba unayoweza kuiendea hospitalini. Ama miwani ya rangi inayotangazwa mitandaoni, yenyewe huchuja baadhi ya mawimbi ya mwanga ili rangi fulani zipambanuke zaidi. Haiongezi koni, na mwongozo wa upimaji wa mabaharia unakataza kupimwa ukiwa umeivaa. Pesa hizo zitakufaa zaidi kwa nauli ya Mombasa.

Kuna jambo moja ninalotaka mtaalamu alihakikishe kwanza, nalo ni kwamba kasoro yako ni ya kuzaliwa. Mtu huweza kupoteza rangi ukubwani kwa sababu ya ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho, presha ya macho, au dawa. Ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, ni mfano unaojulikana sana. Ya kuzaliwa huwa sawa katika macho yote mawili na haibadiliki. Ziba jicho moja, tazama kitambaa chekundu, kisha uzibe la pili: rangi ikionekana imepauka upande mmoja tu, au kama zamani uliona rangi ambazo sasa huzioni, usingoje mambo ya chuo, nenda hospitali wiki hii. Kama umewahi kutumia dawa za kifua kikuu, mwambie daktari bila haya.

Kuhusu kijicho, mwambie nyanya kwa adabu kwamba, ikiwa ni ya kuzaliwa, ulikuwa nayo kabla ya mtu yeyote kujua kwamba utakuja kuitamani meli. Jeni za koni za nyekundu na za kijani zimo katika kromosomu ya eksi, ambayo mtoto wa kiume huipokea kwa mama yake peke yake. Mama huwa na kromosomu mbili za namna hiyo, na moja ikiwa nzima humsitiri, kwa hiyo anaweza kuibeba kasoro bila kuihisi, kisha kila mwanawe wa kiume akawa na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Asilaumiwe kwa hilo, hakulichagua. Huenda babu yako nahodha alikuwa nayo pia na hakuna aliyejua, kwani jahazi la enzi zake liliongozwa kwa nyota, kwa upepo wa kaskazi na kusi na kwa alama za pwani, na hakuna kimojawapo kinachotaka nyekundu itengwe na kijani.

Mdogo wako, kwa hiyo, apimwe sasa. Mtoto anayezijua tarakimu humaliza kitabu kile kwa dakika chache, na asiyezijua huwekewa kurasa za kufuata mstari kwa kidole. Ikithibitika, mama amweleze mwalimu wake, na kalamu zake ziandikwe majina ya rangi kwa wino mweusi.