Muulize Mama: Msimu wa mahindi ukiisha nalishaje familia?

Shikamoo mama. Mi ni baba wa watoto wanne naishi hapa Kibaigwa, kazi yangu ni kubeba mizigo sokoni, kupakia na kushusha mahindi kwenye fuso na semi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi hela inaonekana, siku ya gari nyingi narudi nyumbani na elfu ishirini na kitu, lakini ikifika disemba magari yanapungua nashinda kijiweni mpaka jioni narudi na elfu mbili na siku zingine sina kitu kabisa. Januari nilikopa laki tatu kwa jamaa mmoja anakopesha mtaani, nikanunua sare na madaftari na unga, riba asilimia 20 kwa mwezi. Mpaka leo nalipa riba tu deni liko palepale na anasema nikichelewa tena anakuja kubeba tv na kitanda. Kuna mwingine yuko tayari kunipa laki nne nimlipe huyu. Mke wangu hajui chochote, anaona tu nimekuwa mkali na nachelewa kurudi, anahisi nina mwanamke nje. Nimefikiria niende zangu Dodoma mjini kwenye vibarua vya ujenzi niwaache huku. Nifanyeje mama?
Baba Wanne, Kibaigwa

Marahaba mwanangu. Hiyo laki nne usiiguse. Piga hesabu hapohapo ulipokaa: laki tatu kwa asilimia 20 ni elfu sitini kila mwezi, miezi mitano umeshatoa laki tatu nzima na bado unadaiwa laki tatu ileile. Ukichukua laki nne kwa masharti hayohayo utalipa elfu themanini kila mwezi, na ile laki moja itakayobaki mkononi haimalizi mwezi kwa watu sita. Hizi kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, zimevunja nyumba nyingi na zinaanza hivihivi, mtu anakopa ya kulipia nyingine.

Sasa huyo anayekudai. Nchi hii ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa aina hii, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu yako hiyo ni shilingi 10,500, linganisha na elfu sitini unayotoa. Kwaiyo kaa chini andika kwenye daftari kila hela uliyompa na tarehe yake, hata kama hukupewa risiti, alafu nenda kwa mtendaji umweleze, mwiteni huyo bwana aje na leseni yake na ile karatasi uliyosaini. Asibebe hata kijiko kabla hiyo karatasi haijasomwa mbele ya watu. Ukiona mambo magumu uliza wasaidizi wa kisheria wa wilaya yenu, huduma yao ni bure. Sikuambii usilipe, hela ya mtu ulikula na utalipa, ila ulipe deni lenyewe lipungue.

Mke wako mwambie leo. Watoto wakishalala toa hilo daftari muonyeshe, mwambie nimekopa kiasi hiki, nimelipa hiki, ukali wote ulioona unatoka hapa. Atakasirika, na ana haki, lakini mwanamke anayedhani ana mke mwenza nje anaumia kuliko anayejua kuna deni, na mpaka sasa anapanga jikoni kwa kubahatisha kwa sababu hajui kilichopo. Akishatulia aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizie ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwenye hiyo kumi wanawake wametengewa 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, haina riba ila inatolewa kwa vikundi. Iwe ya biashara jamani, sio ya kumlipa huyo wa kausha damu.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Wewe unashinda juu ya mahindi miezi mitano alafu januari unakopa hela ya unga, hilo linaniuma. Huku kwetu kanda ya kati mvua ni msimu mmoja tu, inaanza novemba au disemba inaishia aprili, mavuno yanaingia sokoni kuanzia mei na juni na hapo ndo bei iko chini, januari na februari gunia limeshapanda. Watu sita mkila kilo mbili za dona kwa siku gunia la kilo 100 linakwenda siku hamsini, kwaiyo magunia matatu yanawavusha disemba mpaka aprili. Nunua kidogo kidogo hata debe moja moja kila siku ya hela nzuri. Kabla ya kuhifadhi weka mahindi kiasi kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, iache ikae dakika kumi hivi, chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi bado mabichi yarudishe juani. Yakikauka yafunge kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa yenye plastiki ndani, ukikamua hewa na kufunga vizuri dumuzi anakufa bila dawa. Mfuko usitobolewe na panya, uinue juu ya mbao.

Kuhusu Dodoma, ujenzi upo kweli tangu serikali ihamie, lakini usiende kwa kukimbia deni wala mke. Chumba, chakula na nauli vinakula kibarua chote kama unaenda kutafuta fundi ukiwa huko. Mtafute fundi ukiwa bado Kibaigwa, mkubaliane malipo, uende ile miezi soko limelala na mama watoto ajue unatuma shilingi ngapi kila jumamosi, msimu ukifunguka urudi.

Ukishakutana na huyo mkopeshaji kwa mtendaji niandikie alionyesha leseni gani, nina barua zingine za watu wenye shida kama yako na nitawajibu humuhumu.