Usimtumie mteja hiyo PDF: picha iliyobadilishwa jina haijawa vekta

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba logo ya mteja wako wa kahawa kule Mbozi umeitengeneza kwa PixelLab kwenye simu, pikseli (vipande vidogo vya rangi vinavyounda picha) 1080 kwa 1080, na sasa unataka kuipitisha kwenye tovuti ya bure ya kubadilisha faili ili upate PDF, SVG na EPS, aina za faili zinazoweza kubeba vekta, umkabidhi "kifurushi kamili" kabla hajaagiza mifuko. Ukifanya hivyo utamkabidhi picha ileile mara nne kwa majina manne. Vekta haimo hata moja.

Tovuti hizo nyingi hazichori chochote. Zinachukua PNG yako, zinaitumbukiza nzima ndani ya faili la PDF au SVG na kukurudishia. Ni bahasha mpya, barua ni ileile. Hata Photoshop ukihifadhi picha ya pikseli kama EPS au PDF, kilichomo ndani kinabaki pikseli. Vekta ni mistari iliyochorwa kwa hesabu, ndiyo maana inakua toka kitufe cha shati hadi ukuta wa ghala bila kuharibika. Picha ya pikseli 1080 ina vipande 1080 tu kwa upana. Kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi inakupa sentimita 9 na kidogo. Ukiitanua kwenye bango la mita 3, kila pikseli inakuwa mraba wa karibu milimita 3, na herufi zinaonekana kama zimekatwa kwa ngazi.

Tatizo la kosa hili ni kwamba linajificha. Kwenye simu ya mteja logo inapendeza. Kwenye mfuko wa gramu 250, ikiwa na upana wa sentimita 8 au 9, inaweza kupita machoni. Mteja analipa, anashukuru, na wewe unaamini umemaliza. Kisha inafika Agosti, anataka bango la kutundika Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, anataka stika za milango ya gari, anataka sweta za wafanyakazi maana huku kwetu kwa baridi hii sweta yenye logo ni sare kuliko fulana. Hapo kila fundi anamrudishia faili na kumwambia hili halifai.

Na hawamwonei. Plota ya kukata stika ina kisu kinachofuata mstari, na picha haina mstari wa kufuata. Anayechapa fulana kwa skrini anahitaji kila rangi peke yake, skrini moja kwa kila rangi, na picha yenye kivuli na rangi zinazoyeyukiana haitenganishiki kirahisi. Fundi wa kudarizi lazima aipange upya nyuzi kwa nyuzi, na ukingo uliofifia unamlazimisha kukisia herufi inaishia wapi.

Kiwandani kwenye mifuko ndiko kwenye gharama kubwa kuliko zote. Mifuko inayochapwa kwa wingi hutengenezewa silinda au bamba la uchapaji kwa kila rangi. Likishachongwa halifutiki, ukigundua kosa baada ya hapo unalipia jingine. Isitoshe, maandishi meusi yaliyotoka kwenye picha ya simu huwa si meusi matupu, ni mchanganyiko wa wino wa rangi nne. Mashine ikisogea kidogo tu, herufi ndogo kama za "gramu 250" zinapata kivuli cha bluu au chekundu pembeni. Kwenye vekta unaagiza wino mweusi asilimia 100 na rangi nyingine sifuri, mambo yanaisha.

Wanaonikera kuliko wote ni hawa wanaofundisha kwenye video fupi: "badilisha logo yako iwe vekta kwa sekunde kumi bila kompyuta." Wanaonyesha jina limegeuka toka .png kuwa .svg, wanashangilia, video imekwisha. Hakuna anayeikuza mara hamsini tuone ukingo. Hakuna anayeipeleka kwenye plota. Kijana anachukua elimu hiyo anaenda kuchukua kazi ya mtu aliyekopa fedha kununua mtambo wa kukaanga kahawa. Mteja hana namna ya kukagua faili, anakuamini wewe. Kumpa mtu kama huyo faili bandia ni kumuibia, hata kama hukukusudia.

Kwa hiyo shika kanuni moja: faili halitoki mikononi mwako kabla hujaliangalia kwenye mistari mitupu. Kwenye Illustrator bonyeza Ctrl+Y. Kwenye CorelDRAW ingia menyu ya View uchague Wireframe. Kwenye Inkscape nenda View, Display Mode, Outline. Ukiona umbo la kila herufi na kila punje ya kahawa, ni vekta. Ukiona kisanduku kimoja tu, au kwa CorelDRAW ukaona picha yenyewe bila rangi zake, ni picha imejificha humo. Huna programu hizo? Fungua SVG kwa Notepad na utafute maneno data:image. Yakiwepo na yamefuatiwa na msitu wa herufi zisizosomeka, ndiyo picha yenyewe hiyo. PDF ikuze mpaka mwisho. Ukingo wa vekta unabaki mkali kama wembe.

Usidanganyike pia na kitufe kinachogeuza picha kuwa vekta chenyewe. Illustrator, CorelDRAW na Inkscape zote zinacho, na kweli kinatoa vekta, lakini kwa logo kama yako kinatoa vekta chafu. Duara safi linatosha kwa nukta nne za kushikilia mstari. Kilichochorwa na kitufe kinaweza kuwa na makumi ya nukta, duara limejaa mabonde, na herufi O imekuwa kiazi. Kisu cha plota kinapita kila nukta, kinasita, kinararua stika. Chora upya kwa mkono. Inkscape ni ya bure na haihitaji kompyuta ya kutisha. Weka picha yako kwenye tabaka la chini, ifanye iwe hafifu, ifunge isisogee, kisha chora juu yake kwa chombo cha kalamu: duara kwa chombo cha duara, mistari iliyonyooka kwa nukta mbili, maandishi uyaandike upya kwa fonti halisi. Logo ya kikombe na punje tatu kama yako ni kazi ya jioni moja.

Ukimaliza, hifadhi nakala yako ya kurekebisha, kisha kwenye nakala ya kukabidhi geuza maandishi yote yawe michoro: Ctrl+Shift+O kwa Illustrator, Ctrl+Q kwa CorelDRAW, Shift+Ctrl+C kwa Inkscape. Faili likifunguliwa na mtu wa kuchapa Dar ambaye hana fonti yako, kompyuta yake inaweka fonti nyingine bila kumuuliza, naye hajui logo ilikuwaje. Mabango yanarudi kwa basi yakiwa na jina la biashara kwa herufi za barua ya ofisi. Mistari yenye unene nayo igeuze iwe maumbo: Ctrl+Shift+Q kwa CorelDRAW, Ctrl+Alt+C kwa Inkscape. Usipofanya hivyo, mtu akiikuza logo mara kumi, mstari unaweza kubaki na unene wake wa awali na duara lako likawa uzi.

Rangi: kijani kile kinachong'aa kwenye kioo cha simu hakipo kwenye wino wa rangi nne, kitatoka kimepauka. Chagua rangi kwa vipimo vya wino, uviandike kwenye ukurasa mmoja umpe mteja. Hasa ukitumia Inkscape, maana PDF yake hutoka na rangi za kioo, na mchapaji atahitaji namba zako. Tengeneza pia toleo la rangi moja nyeusi na toleo jeupe la kuweka juu ya rangi nzito. Muhuri wa mpira haujui kivuli, na kwenye sweta usitegemee herufi chini ya milimita 5 zisomeke. Kile kivuli na ule mng'ao uliouweka kwa PixelLab, viondoe kabisa.

Umeuliza saizi ya PNG. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi: moja ya upana wa pikseli 3000 isiyo na mandhari, na moja ya mraba 1080 kwa ajili ya picha ya wasifu, logo ikiwa imeachiwa nafasi pembeni kwa sababu mitandao inakata duara. JPG weka moja yenye mandhari nyeupe na umwambie mteja isiende kwenye mfuko wa rangi, italeta kiboksi cheupe. PDF ya vekta ndiyo ya wachapaji, SVG ya tovuti. Kama mchapaji wake anatumia CorelDRAW, muulize toleo gani kabla ya kuhifadhi, maana matoleo ya zamani hayafungui faili la toleo jipya, na steshenari nyingi za Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya hazina haraka ya kubadilisha programu.

WhatsApp usitume kama picha, hata kwa ile njia ya ubora wa juu. Inabana, inageuza kuwa JPG, na mandhari yako tupu inajazwa rangi. Tuma kama dokumenti, na umpe mteja flashi yenye folda nzima, maana simu hupotea.

Leo mwambie mteja asiagize mifuko bado. Mwombe namba ya kiwanda uwaulize wenyewe rangi ngapi kwa mfuko na wanataka PDF ya aina gani. Ukishachora, weka hapa picha ya mistari mitupu tuikague nukta kwa nukta kabla haijatoka.