Skuta ya cc 50 nayo inadaiwa bima?

Mkuu uliyeuliza kama kiskuta cha cc 50 cha kukutoa Ngamiani kwenda kazini Raskazone, hapa Tanga, kinahitaji bima: kinahitaji. Aliyekuuzia alikwambia "hiki ni kama baiskeli" ili mzigo utoke dukani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haina habari na ukubwa wa injini. Chombo cha moto kikiingia barabarani lazima kiwe na bima ya watu wengine, hii tunayoiita bima ndogo.

Bima ndogo ni ya yule utakayemgonga. Ukivunjika mguu wewe, au skuta ikaibiwa, hiyo haikulipi hata senti. Kuna bima kubwa, inayolinda na chombo chako mwenyewe, ila mawakala niliowazungukia hapa mjini wengi walibadilika sura waliposikia ni pikipiki.

Pa kukazia macho ni matumizi yaliyoandikwa. Mimi nina pikipiki ya kwangu na nyingine kijana anapigia bodaboda. Ya kwangu imekatiwa binafsi, ya kijana biashara ya abiria. Ya biashara ni ghali zaidi, ndiyo maana watu wanakata binafsi kisha wanapakia. Kijana alimgonga mwenda kwa miguu njia ya Pongwe. Kampuni ilitaka ripoti ya polisi na leseni, na kabla hatujakaa vizuri tukaulizwa: alikuwa na abiria? Alikuwa naye. Kwa kuwa bima ilikuwa ya biashara, madai yakaendelea, japo kwa mwendo wa kobe. Jirani yangu aliyekata binafsi huku akipakia alikataliwa, ukoo mzima ukachangishana.

Kwa hiyo wewe kata binafsi, lakini usimpe mtu skuta apige deiwaka (abebe abiria kwa muda) jioni.

Ukishalipa, hakiki namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, mtandaoni. Isipoonekana humo, mbane wakala siku hiyohiyo. Na kadi ya usajili wa skuta ikiwa bado ina jina la mwuzaji, maliza uhamisho TRA kwanza.

Wanaovuka Horohoro kwenda Lunga Lunga, Kenya: bima ya ndani inaishia mpakani. Ombeni kabla ya safari kadi ya njano ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), yaani bima ya watu wengine inayotambulika nje ya nchi. Ndiyo, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi tumo.

Kampuni ikikuzungusha kwenye madai, waandikie barua ubaki na nakala, halafu nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Yupo kwa Sheria ya Bima ya 2009.