Jibu: Nianzie wapi kusoma msimbo wa mtandao wa Chromium?

Ndugu wa Mbale, umeuliza uanzie wapi kwa laptopu ya RAM GB 8. Achana na kivinjari kizima cha Chromium, msingi wa Chrome. Folda ya `net`, yenye msimbo wa mtandao, inajengeka peke yake.

Vuta msimbo kwa `fetch --no-history chromium` (amri ya depot_tools, zana za Chromium) ili kuokoa bando, na uwe na GB 100 wazi kwenye diski. Kwenye `args.gn`, faili ya mipangilio ya ujenzi, weka `symbol_level=0` na `is_component_build=true`, la sivyo RAM itakuishia wakati wa kuunganisha vipande vya programu (linking).

Ongeza `executable("vuta")`, yaani programu yako ndogo ya majaribio, kwenye `net/BUILD.gn`, itegemee `:net` na `//base`. Unda muktadha (mipangilio ya pamoja ya maombi) kwa `URLRequestContextBuilder`, kisha `URLRequest` moja, yaani ombi lenyewe. Programu ikianguka kabla ya kutuma ombi, angalia kama umeunda `SingleThreadTaskExecutor` (kiendesha kazi za uzi mmoja) ya aina ya IO. Bila hiyo soketi (njia za mawasiliano na seva) hazina wa kuziamsha. `Read()` ikirudisha -1 usihangaike: data haijafika tu, subiri `OnReadCompleted`. Ila -105 ni jina la seva kutopatikana.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halili bando hata kidogo. Washa `python3 -m http.server` kwenye folda yenye faili kubwa, tuma maombi 12 kwa mpigo, na uandike kumbukumbu kwa `FileNetLogObserver`. Utaona soketi 6 zikifunguka na maombi 6 yakisubiri zamu, kwa kuwa kikomo ni soketi 6 kwa seva moja. Zima kache (hifadhi ya majibu ya awali) kwanza kwa `DisableHttpCache()`: maombi ya anwani ileile hupanga foleni kwenye kache, nawe utadhani ni soketi. Ukishaliona hilo, fungua `net/socket` usome. Majina yote yatakuwa na maana.