Rauta mbili, kitambulisho kimoja

SWALI: Habari fundi, nipo Morogoro, naangalia netiweki ya saccos yenye matawi matatu, kila tawi lina rauta ya Cisco na tunatumia OSPF (utaratibu wa rauta kujuana kama majirani na kuelezana njia za netiweki). Hili la tatu nimelifunga juzi, nikachukua konfigu ya tawi la pili nikaipesti, nikabadilisha IP za intafesi basi. Ping kati ya rauta ya pili na ya tatu inaenda fresh ila ujirani hausimami, logi inajaa DUP_RTRID_NBR (yaani jirani mwenye router-id iliyojirudia). Nimebadili hadi kebo. Tatizo nini?

JIBU: Kebo haina kosa mdogo wangu, iache. Ulivyopesti umebeba na mstari wa router-id, yaani kitambulisho cha rauta, sasa rauta zote mbili zinajiita namba moja. OSPF haijali jina la rauta, inamjua mwenzie kwa hiyo namba ya biti 32, inaandikwa kama IP ingawa si lazima iwe IP ya intafesi yoyote, ilimradi isijirudie. Rauta ikiona jirani anakuja na namba yake yeye mwenyewe inamkataa. Na shukuru zimepakana moja kwa moja, maana kungekuwa na rauta nyingine katikati ujirani wote ungeonekana mzima, halafu hizo mbili zinaanza kufutiana taarifa, ruti inakuja inapotea inakuja inapotea, hapo ungetafuta mchawi wiki nzima.

Ingia rauta ya tatu, andika router ospf 1 (kama prosesi yako ndiyo 1), kisha router-id 10.255.0.3, au namba yoyote ambayo haijatumika. Wengi wanaishia hapo halafu wanasema haijakubali. Kama prosesi ina majirani tayari namba mpya haiingii mpaka upige clear ip ospf process ujibu yes, au uiwashe upya rauta, na ujirani wa rauta hiyo unadondoka kidogo kwa hiyo subiri kaunta za saccos zifungwe. Hakikisha kwa show ip ospf, namba inakaa mstari wa juu kabisa.

Ukiufuta tu huo mstari usiweke kitu Cisco itajichagulia, IP kubwa ya lupubeki (intafesi ya ndani ya rauta isiyo na kebo), kama hamna basi kubwa ya intafesi iliyo hewani. Mimi siipendi hiyo hata kidogo, siku mtu akiongeza lupubeki umeme ukakatika, rauta inaamka na namba nyingine. Na mkihamia IPv6 tupu OSPFv3 (OSPF ya IPv6) bado inadai namba hiyohiyo, isipopata IPv4 ya kuchukua haianzi.



Kabla ya hiyo clear angalia na hostname (jina la rauta), kama uliipesti nayo basi utakuwa na dirisha mbili zenye jina moja na utakuja kuangusha tawi la pili bure.