Umeme umeenda au Umeme imeenda? Nilivyojifunza kupiga stori na watu

Mimi nilikuwa mtu wa "niko poa" halafu kimya. Ukikaa na mimi kwenye taksi kutoka mjini Kampala mpaka Bweyogerere ungedhani nimenuna, kumbe ni kutojua tu niseme nini, na kila nikijaribu naanzia juu sana, bei ya dola, siasa, mtu anageukia dirishani.

Sasa mwishoni mwa mwezi wa nne 2025 tukaenda kwa wakwe upande wa Busia. Mnakumbuka mwezi ule nchi nzima ilikuwa na stori moja, kampuni ya Umeme, iliyokuwa inasambaza umeme Uganda, imemaliza miaka yake 20 tarehe 31 mwezi wa tatu na kesho yake UEDCL ya serikali ikachukua nyaya. Hata utani ulikuwa mmoja, maana sisi tunaoongea Kiswahili tulikuwa na shida na hilo jina tangu zamani, mtu akisema "umeme umeenda" ujue giza, akisema "Umeme imeenda" ujue kampuni, na kwa ngeli za huku kwetu Uganda nani anajali tofauti bana. Busia wao walishaepuka hiyo, wanasema stima kama majirani zao wa Kenya.

Basi jioni tumekaa nje, mimi nikajiona nina mada. Nikamuuliza mkwe, "Mzee, unaonaje serikali kuchukua umeme?" Akasema, "Serikali ni serikali." Basi. Ningeishia hapo ningeponea, lakini nikaendelea kuhutubia, eti bodi ya zamani, UEB, ilikatwa vipande vitatu 2001, mmoja wa kuzalisha, mmoja wa kusafirisha, mmoja wa kusambaza, eti huu wa kusambaza ndio Umeme wakakodishiwa 2005, eti kuwaaga tu kumelipiwa zaidi ya dola milioni 100. Yote kweli. Shemeji mmoja akainuka kwenda kuangalia mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa.

Kosa langu nililielewa baadaye. Ukimuuliza mzee wa watu mbele ya watoto wake "unaonaje" jambo la serikali, unamtaka achague upande na yeye hajui wewe uko upande gani, tena wewe mkwe, mtu wa heshima, hawezi kukubishia wala hataki kukubali. Njia rahisi kwake ni kufunga mlango.

Yule shemeji aliporudi akauliza kitu kidogo sana, "Baba, stima ilifika hapa mwaka gani vile?" Wee! Mzee akafunguka. Akatuambia nguzo zililala kando ya barabara mpaka watoto wakazifanya mabenchi, akatuambia taa ya kwanza ya nje ilipowaka ilikuwa msimu wa kumbikumbi, wakaja wengi hadi majirani wakaleta mabeseni, wiki nzima boma lake likawa kama soko na mama watoto akawa anawakaribisha chai. Halafu akaingia ndani akaleta bahasha ya risiti za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, anazitunza zote, akaanza mwenyewe kulinganisha yuniti za zamani na za sasa kwa elfu kumi. Yaani maoni niliyokuwa nayataka yote akayatoa, bila kuulizwa, kwa hesabu yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, muulize mtu alichoona au alichoshika kwa mkono, maoni yatakuja yenyewe. Na baada ya kuuliza nyamaza. Mimi nilikuwa nauliza halafu najijibu.

Salamu pia usizikatishe. Alipotupokea mzee alisema mvua mwaka huu imewaonea huruma, mimi nikasema "sawa sawa" nikapita, kumbe mada ilikuwa hapo hapo mlangoni.

Basi upepo ukaja, mti ukaangukia waya huko mbele, giza. Na kumbe lile giza ndilo lililoniokoa, maana mawingu yalipopita, ndugu zangu, mbingu ya kijijini bila mwezi siyo hii ya Kampala. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kusini unaona Msalaba wa Kusini na wakati huo huo kaskazini zile nyota saba zilizokaa kama sufuria yenye mkono mrefu, watu wa Ulaya hawaupati huo Msalaba na wa kusini mbali hawaipati hiyo sufuria vizuri. Sayari ya Mshtarii (Jupita) nayo iko magharibi inawaka kama taa ya boda. Nikatoa simu, nina programu ya nyota, nikaanza kutaja majina. Mzee akasema taratibu, "Hiyo simu inaona kuliko mimi." Nikairudisha mfukoni haraka.

Nikauliza, "Mzee, kale kakundi ka nyota kalikokuwa kanazama pale saa ile giza linaingia, nyinyi mnakatumiaje?" Akaanza mambo ya kulima, lini babake alikuwa anatayarisha mbegu, nami nikamtolea ya bibi yangu kuhusu hako hako kakundi, yeye akikaita kilimia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akanirudishia swali, "Kwa hiyo hiki kimezama kwa mvua?" Nikasema ndiyo. "Tutaona," akasema. Tukalala saa sita.

Mwezi wa sita, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. Nikashtuka, nikajua msiba. Ni mzee. "Mkwe, toka nje, kimezuka, na huku wiki ya pili hakuna tone." Nikatoka na ndala, nikatazama mashariki, nikaona taa ya ulinzi ya jirani tu.

"Sikioni, baba."

"Stima iko?"

"Iko."

"Ah. Basi ndiyo hiyo."